Vyumba Vilivyobaki: Wazee na Nyumba Walizozijengea Familia

Kupunguza makazi ni hatua ya mtu au wanandoa kuiacha nyumba kubwa waliyolelea watoto na kuhamia katika makazi madogo yanayolingana na idadi ya watu waliobaki, nguvu walizo nazo na kipato kinachoingia. Katika miji ya Tanzania, na Dar es Salaam hasa, hatua hiyo haijapata hata jina linalotumiwa na wote, kwa kuwa kwa muda mrefu utaratibu ulikuwa mmoja tu: nyumba ilijengwa, ikakaliwa hadi mwenyewe alipofariki, kisha warithi wakakutana kuijadili, mara nyingi kwa maneno makali. Wakati huohuo kaya zenyewe zinapungua. Kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, ilikuwa na wastani wa watu 4.7 katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, na wastani huo ukashuka hadi 4.3 katika sensa ya mwaka 2022, ilhali nyumba zilizojengwa miaka ishirini au thelathini iliyopita hazijapungua hata chumba kimoja. Hoja ya makala haya ni kwamba uamuzi wa kupunguza makazi unapaswa kufanywa na wazee wenyewe, mapema, wakiwa bado na miguu ya kupandia daladala na sauti ya kusikilizwa katika kikao cha familia, kwa sababu wasipoamua wao, maradhi, madeni au mgawanyo wa mirathi utaamua kwa niaba yao.

Ukubwa wa nyumba hizo una historia inayofaa kueleweka kabla ya kuwalaumu waliozijenga. Wakazi wa Sinza na Kijitonyama walianza kwenye viwanja vilivyopimwa katika mradi wa miaka ya 1970 ulioendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na wale wa Mbweni, Bunju, Kibada na Gezaulole wengi wao walipata viwanja kupitia mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Mikopo ya kujengea ilikuwa adimu, na Benki ya Nyumba Tanzania ilipofungwa mwaka 1995, mtumishi wa kawaida alibaki na njia moja ya kuweka akiba, nayo ilikuwa tofali. Katika miaka ya 1980, mfumuko wa bei ulipokaribia asilimia 30 kwa mwaka, fedha iliyokaa benki ilipungua thamani kila mwezi, lakini mfuko wa saruji uliokwisha kufyatuliwa tofali haukupungua. Mtu alinunua kokoto mwezi huu na nondo miezi mitatu baadaye, msingi ukakaa wazi misimu miwili ya mvua, ukuta ukapanda, na kupaua kukasubiri hadi mkopo wa chama cha kuweka na kukopa. Vyumba vilihesabiwa kwa kuwafikiria wavulana, wasichana, bibi atakayeletwa kutoka kijijini kwa matibabu, na mpwa atakayekuja kusoma sekondari mjini. Nyumba moja ilifanya kazi ya benki, ya bima na ya bweni, na kwa miaka mingi ilizifanya kazi zote tatu vizuri.

Kustaafu ndiko kunakobadilisha hesabu. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na analazimika kustaafu akifikisha 60, umri ambao pia Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautumia kumtambua mzee. Wastaafu wengi hukitumia kiinua mgongo, yaani malipo ya mkupuo yanayotolewa mtu anapoacha kazi, kumalizia ghorofa ya juu au kuongeza vyumba viwili, kana kwamba watoto wanaofanya kazi Mwanza, Dodoma au Muscat watarudi kulala humo. Hilo ni kosa linalohuzunisha, kwa sababu fedha hiyo hailipwi mara ya pili, na chumba kilichoongezwa huanza kudai matunzo siku ileile rangi yake inapokauka.

Chumba kisichokaliwa hakibaki kama kilivyoachwa. Katika hewa ya pwani, yenye unyevunyevu na chumvi, nondo za dirisha hushika kutu kwanza kwenye maungio, ambako fundi aliruka kupaka rangi. Mchwa hupanda ndani ya ukuta na kula fremu ya mlango kwa nyuma, hata ubao uonekane mzima kwa mbele lakini ukibonyezwa kwa kidole gumba uzame. Popo huingia juu ya dari kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na bati, na doa la mkojo wao hutokeza kwenye dari likipanuka polepole. Godoro lililosimamishwa ukutani likiwa bado na nailoni yake hupiga ukungu upande wa chini. Mama wa miaka 68 mwenye shinikizo la damu anayedeki vyumba sita kila Jumamosi, wakati wanaolala humo ni yeye na mumewe, anatumia nguvu ambazo angezihitaji kwa mambo mengine. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kidogo kidogo mteja anaponunua umeme kupitia LUKU, yaani mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, ni sehemu ndogo ya mzigo huo. Uzito uko kwenye bati linalovuja, tangi la maji lililopasuka, mshahara wa mlinzi na hofu ya usiku katika nyumba yenye milango mingi na masikio machache.

Nyumba za zamani za mjini zilikuwa na jibu lao kwa tatizo hili, na jibu hilo linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa na wanaochora ramani za nyumba leo. Nyumba ya Kiswahili, ile iliyojengwa kwa wingi Kariakoo, Ilala na Magomeni, ina baraza mbele, korido ndefu katikati inayoanzia mlango mkuu, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, kisha ua wa nyuma wenye jiko, bafu na choo, na mara nyingine vyumba vya uani. Kila chumba kina mlango wake unaofungwa kwa kufuli yake, na hakuna anayelazimika kupita chumbani kwa mwenzake ili kufika chumbani kwake. Kwa mpangilio huo, familia iliyojaza vyumba vyote sita ilipopungua, mama mwenye nyumba alibaki na vyumba viwili vya mbele na kupangisha vinne. Ikiwa kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, vyumba hivyo vinne vinaingiza shilingi 240,000, fedha ambayo kwa mjane asiye na pensheni ni tofauti kati ya kuomba na kujitegemea. Zaidi ya fedha, kulikuwa na mtoto wa mpangaji wa kutumwa dukani, na kulikuwa na mtu wa kusikia bibi akianguka bafuni usiku. Yapo maudhi yake, kama foleni ya choo asubuhi na ugomvi wa kugawana gharama za umeme, lakini ukweli unabaki kwamba familia ilipunguza makazi bila kuhama, na uzee ulipita mahali penye watu.

Nyumba za kisasa za Mbezi, Tabata au Kigamboni zilichorwa kwa wazo jingine. Mlango wa mbele hufunguka sebuleni, sebule inaungana na sehemu ya kulia chakula, na njia ya kwenda vyumbani inapita hapohapo, kiasi kwamba mpangaji akirudi kazini saa mbili usiku atampita mzee wa watu amekaa na msuli wake akisikiliza taarifa ya habari. Nyumba kama hiyo haipungui kwa kufuli. Fundi anaweza kuziba mlango wa ndani na kutoboa mwingine upande wa pili, akaongeza jiko dogo na choo, na mita ya pili ya umeme ikaombwa, ili nyumba moja iwe mbili. Kazi hiyo inahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na gharama yake ipigiwe hesabu dhidi ya kodi itakayoingia kwa miaka mitano, wala si kwa mwaka mmoja. Mahali ambapo kiwanja kina nyumba ya uani, wenye nyumba wanaweza kuhamia huko na kuipangisha kubwa. Kwa fedha, njia hii inazishinda nyingine nyingi, lakini kwa heshima ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa majirani watasema mzee amehamia kwenye vyumba vya wafanyakazi. Wazee waliokwisha kuivuka aibu hiyo wanastahili pongezi, maana wamebaki mtaani kwao, karibu na msikiti au kanisa lao, na wamepata kipato bila kuuza hata hatua moja ya ardhi.

Pale ambapo njia iliyobaki ni kuuza, sheria huingia, na wengi huumia kwa kutoijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 59 kwamba mume au mke mwenye jina kwenye hati hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo, na mwenzi huyo anaweza kulinda haki yake kwa kuweka zuio kwenye daftari la ardhi. Nyumba ya ndoa ni ile ambayo wanandoa wanaishi kama makazi yao, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Mnunuzi anayeonyeshwa saini moja hana budi kuuliza ya pili iko wapi. Sheria hii inaendana na mtazamo ambao Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliuweka mwaka 1983 katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilipotamka, katika shauri la kugawana mali baada ya talaka, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Mama aliyekuwa akipika kwa mafundi na kulala kwenye kibanda akilinda matofali aliijenga nyumba ile, na hawezi kupewa taarifa ya kuuzwa kwake kama mgeni.

Kuhusu kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaitoza faida inayopatikana kwa kuuza jengo, lakini inatoa nafuu kwa makazi binafsi: mtu aliyeimiliki nyumba mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, na kuishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, hatozwi iwapo faida haizidi shilingi milioni 15. Faida hapa ni bei ya kuuzia ikiondolewa gharama za kununua, kujenga na kukarabati, na ndiyo sababu risiti za saruji na mabati za miaka kumi na tano iliyopita, ambazo wengi walizitupa, zina thamani ya fedha taslimu siku ya kuuza. Mkataba ulioshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hata ukigongwa muhuri, haumhamishii mnunuzi umiliki wa kiwanja chenye hati mpaka uhamisho uidhinishwe na kusajiliwa.

Ardhi ya ukoo ina uzito wa namna nyingine, na kesi moja kutoka Kagera inaonyesha jinsi uzee na mila vinavyoweza kukutana mahakamani. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipoona umri umemwelemea na hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliiuza ardhi hiyo kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri akidai mauzo hayo ni batili kwa sababu mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya alitamka kwamba mila hiyo ilikuwa ya ubaguzi na kinyume cha Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Mlalamikaji akapewa miezi sita ya kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake, akishindwa ibaki kuwa ya mnunuzi. Hukumu hii hutajwa zaidi na wanaofuatilia haki za wanawake, na ni haki itajwe hivyo, lakini inafaa isomwe pia na kila ukoo wenye mzee: ardhi ilionekana kuwa na ndugu wengi siku ya kuuzwa, wakati aliyeishikilia alikuwa amekwisha kusema kwamba hana wa kumtunza.

Mirathi nayo hupunguza makazi kwa nguvu. Katika sheria ya Kiislamu, mjane ambaye marehemu ameacha watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane, na wakiwa wajane wawili au zaidi hugawana hiyo thumuni moja. Nyumba ya urithi yenye thamani ya shilingi milioni 160 ikiuzwa ili kila mrithi achukue chake, mama aliyeishi humo miaka arobaini ataondoka na shilingi milioni 20, wakati huohuo akiwa katika majonzi. Sheria hiyohiyo imeacha mlango wa kujipanga mapema, kwa kuwa mume akiwa hai anaweza kumpa mkewe nyumba au sehemu ya nyumba kwa hiba, yaani zawadi anayoitoa mwenyewe, naye mke akaipokea na kukabidhiwa. Neno la kukabidhiwa ndilo linalosahauliwa: hiba iliyotamkwa sebuleni bila maandishi, bila mashahidi na bila mali kuhama mikono huishia kubishaniwa baada ya mazishi. Wanandoa wakiuza pamoja na kununua nyumba ya vyumba viwili yenye majina ya wote wawili kwenye hati, hata sehemu kubwa ya ubishi huo hupungua, kwa kuwa nusu ya mama inajulikana ni yake kabla mirathi haijaanza kuhesabiwa.

Swali la kuhamia wapi hujibiwa mara nyingi kwa kutaja bei na idadi ya vyumba, ilhali swali ambalo wazee hulifikiria kimoyomoyo ni jingine: siku ikifika, msiba utawekwa wapi? Katika miji ya Afrika Mashariki nyumba ya mzee ndiyo mahali watu wanapokusanyika siku ya kifo, turubai likafungwa nje, wanawake wakakaa ndani kwenye mikeka, wanaume wakakaa kwenye viti vya kukodi barabarani. Ndiyo mahali pa hitma, pa sala za jumuiya zinazozunguka nyumba kwa nyumba, na pa kupokelea wakwe wanaoleta posa. Mzee anayeshauriwa kuhamia ghorofa ya tatu akakataa bila kutoa sababu huenda analifikiria jambo hilo, na si haki kumwita mkaidi.

Sehemu ya jengo, kama sheria inavyoita makazi yaliyo ndani ya ghorofa lenye wamiliki wengi, ilipata utaratibu wake kupitia sheria ya mwaka 2008 inayomwezesha kila mmiliki kuwa na hati yake huku ngazi, lifti, maegesho na paa vikibaki mali ya wote. Kinachofuata ni mchango wa kila mwezi wa ulinzi, usafi na matengenezo, ambao haukomi mtu anapostaafu. Kabla ya kulipa, aulizwe anayeishi humo, asiulizwe anayeuza, kama lifti hufanya kazi umeme ukikatika, na kama chini pana uwanja ambapo turubai linaweza kufungwa. Wengine hurudi kijijini, na uchaguzi huo ni mwema pale zahanati inapokuwa karibu. Katika Kilimanjaro, ambako kwa mila kitinda mimba wa kiume ndiye hurithi nyumba ya wazazi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, mzee anayerudi baada ya miaka thelathini ya mjini azungumze kwanza na huyo aliyebaki akilitunza shamba.

Popote watakapohamia, vyombo ndivyo vitakavyowapima uamuzi wao. Kitanda cha mninga cha sita kwa sita, ambacho kilikuwa fahari ya chumba cha wazazi, kikiingizwa katika chumba cha futi kumi kwa kumi na kusukumwa ukutani kinabakiza futi nne upande mmoja; kabati la nguo la futi mbili likisimama upande huo, njia inayobaki ni ya futi mbili, ambayo mtu anayetembelea fimbo, akiamka usiku kwenda msalani, hawezi kuipita kwa salama. Kitanda cha nne kwa sita kinaponya tatizo hilo, na cha zamani anaweza kupewa mjukuu anayeoa. Kanga zilizojaza sanduku, nyingine bado ni doti nzima ambazo hazijakatwa wala kupindwa, zilizopokelewa kwenye harusi na kwenye misiba ya miaka mingi, hazipaswi kugawanywa na mwingine yeyote isipokuwa mwenyewe, akikaa na binti zake na wakwe zake, akieleza hii aliipata kwa nani na siku ipi, kwa sababu kanga ikitoka sandukuni bila maelezo inakuwa kitambaa tu. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na ni vizuri ichukue siku nyingi.

Yapo masufuria ya shughuli, yale makubwa ya kupikia pilau ya kilo ishirini, yenye masizi yasiyotoka tena na mkono mmoja uliochomelewa upya na fundi wa mtaani. Katika mitaa mingi masufuria hayo ni ya mtu mmoja kwa jina, lakini hutumiwa na nyumba zote, na kila mwenye arusi au arobaini anajua mlango wa kugonga. Jiko la vyumba viwili haliwezi kuyapokea, na muuza vyuma chakavu atayanunua kwa kilo. Mama anayehama na aliyeyapima mambo vizuri humwita jirani aliye mdogo kwake kwa umri, mwenye ua mpana na mkono usiochoka kuazima, akamkabidhi masufuria, masinia na mwiko mrefu mbele ya wanawake wenzao wa mtaa, ili wajue kwamba kuanzia wiki ijayo mlango wa kugonga ni ule.